Kuku wa Kinyonga Namba 417

Jumamosi ilikuwa siku ya matengenezo, na tangu alipoamka Subilaga hakuwa amekaa kitini dakika tano mfululizo. Alichemsha chai akaisahau jikoni. Alifungua dirisha akalifunga tena, maana mvua ya Tukuyu haibishi hodi. Kwenye kompyuta zilimsubiri barua kumi na nne, kila moja ikieleza ugonjwa wa mashine, na mashine zote kumi na nne hazikuwepo duniani.

Hazikuwahi kuwepo. Kinyonga kilikuwa programu tu, iliyojifanya mashine ya magemu ya zamani: skrini ya nukta tisini na sita kwa tisini na sita, rangi kumi na sita, milio minne, na kumbukumbu ndogo kuliko ya kengele ya mlangoni. Subilaga ndiye aliyekibuni. Alikitungia hata kiwanda, pale Uyole, mwaka 1987, chenye wafanyakazi mia mbili na timu yao ya mpira. Siku hizi walikuwepo wazee walioapa kwamba walikuwa wakipita mbele ya kiwanda hicho wakienda shule. Subilaga hakuwa na moyo wa kuwasahihisha.

Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita tangu Sheria ya Uandishi impige marufuku binadamu kuandika programu ya mashine yoyote kwa mkono wake. Mashine ziliandikiwa na mashine, watu wakaambiwa wapumzike. Subilaga alikuwa na miaka ishirini na mitano, hodari, mwandishi wa programu, na asubuhi moja akawa hana kazi. Aliisoma sheria ile mara mbili huku akilia, mara ya tatu akacheka. Ilikataza mashine. Mashine isiyokuwepo haikutajwa popote.

Basi watu wakamjia. Walimu, madereva, wauguzi, hata mapadri wawili wa Rungwe. Walikuwa na njaa ya kuandika kitu kwa mikono yao wakakiona kinatembea. Alitoa namba elfu kumi na moja, kila mtu Kinyonga chake kimoja, kisha akafunga kiwanda na kutupa ufunguo, ili vithaminiwe. Waliandika magemu ya nyani waiba mahindi na ya bibi anayekimbiza mwizi wa kuku, wakilalamikia udogo wa kumbukumbu kama watu wanavyolalamikia ndugu wanayempenda.

Ila Subilaga alikuwa mtundu, na hapo ndipo yote yalipoanzia. Hakuridhika na mashine ya uongo isiyo na adha za kweli. Akatia ndani yake kapasita za uongo, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, ambazo huvimba kikitumika muda mrefu, na zikivimba rangi hufifia. Mwenye Kinyonga aliandika barua ya adabu kwa fundi, fundi akafungua kifuniko kisichokuwepo, akalehemu kisicholehemeka, na Kinyonga kikapoa saa sita kabla ya kuwashwa. Matengenezo yalikuwa matatu tu. Baada ya hapo kilikufa, na wenzake yule mwenye nacho walikusanyika kukizika kwa hotuba na vicheko. Chake Subilaga, namba moja, kilizikwa mwaka juzi, na padri mmoja alikitolea mahubiri. Yote hayo yalikuwa yameandikwa katika kiini cha Kinyonga, na kiini kilikuwa kimoja kwa wote. Hata yeye hakuweza kumhurumia mmoja bila kuwabadilishia elfu kumi na moja.

Barua ya tisa ilitoka kwa namba 417.

"Fundi, shikamoo. Kinyonga changu kinaumwa, rangi zimefifia. Najua haya ni matengenezo ya tatu. Naomba sana, kama kuna njia yoyote, kisizimwe kwa saa sita nzima. Hata robo saa kwangu ni nyingi. Naomba usinichoke."

"Kila mtu mtoto wa pekee," Subilaga aliguna. Akafungua kifuniko.

*

Kinyonga 417 kilikuwa kimewaka siku sitini na sita bila kuzimwa hata mara moja.

Subilaga alisimama, akaenda hadi mlangoni, akarudi. Hakuna mtu anayecheza gemu siku sitini na sita. Akaiangalia kaseti iliyokuwa ndani. Gemu lenyewe lilikuwa la kuku mmoja mwekundu, mnene, aliyetembea mbele ya viota vitatu. Alisimama kwenye kiota, akatetea, akaenda kingine, akatetea. Hapakuwa na adui. Hapakuwa na pointi wala mwisho.

Aliposoma programu yenyewe alijikuta anatabasamu. Mwandishi alikuwa ameishiwa kumbukumbu, kama wote, akabuni rafu mahali pasipo rafu: namba zake alizihifadhi kwenye skrini, kwa rangi. Kila kiota kilikuwa na nukta moja pembeni. Rangi ya kwanza ilikuwa ishirini na tano, ya pili ishirini na sita, hivyo hivyo mpaka ya kumi na sita, iliyokuwa arobaini. Kuku akitaka kujua hali ya kiota, aliitazama nukta yake. Ikiwa chini ya rangi ya kumi, alitetea mpaka ipande. Ni ujanja ambao ungeweza kumjia mtu wa Kinyonga tu, aliyelelewa katika ufukara ule. Subilaga aliona fahari, kama mwalimu anayeona mwandiko mzuri.

Kisha akatazama ni nani aliyekuwa akibonyeza. Namba ziliingia kila baada ya sekunde nne, mchana na usiku, bila kuchelewa wala kuwahi. Binadamu habonyezi hivyo.

Kutoka ishirini na tano hadi arobaini. Rangi ya kumi ni thelathini na nne. Subilaga alihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili. Zile zilikuwa nyuzi za joto.

Na rangi za 417 zilikuwa zimefifia hatua tatu.

Alipiga simu kwa namba iliyokuwa chini ya barua, akizunguka meza. Iliita sana.

"Haloo, Nesi Anyisile, kituo cha afya Lwangila."

"Mimi Subilaga. Fundi wa Kinyonga."

"Jamani, Fundi! Shikamoo. Sikutegemea upige mwenyewe."

"Marahaba. Huyo kuku anatetea nini?"

Kutoka upande wa pili Subilaga alisikia sauti nyembamba sana, kilio kisicho na nguvu ya kuwa kilio.

"Mdogo wangu, nakuuliza. Hivyo viota ni nini?"

"Ni masanduku ya joto," Anyisile alisema polepole. "Ya watoto njiti. Vipimajoto vinabonyeza vitufe, na waya mwingine nimeuunganisha kwenye spika. Kuku akitetea, joto linawaka."

"Wana homa?"

"Umejuaje? Wote watatu, tangu juzi. Thelathini na nane na nusu. Nimewaanzishia dawa, nikajua ni maambukizi..."

"Si maambukizi. Rangi zikififia kuku anaona baridi isiyokuwepo. Sanduku likiwa thelathini na saba, yeye anasoma thelathini na nne, anaridhika. Kesho atataka thelathini na nane. Watoe! Watoe sasa hivi, zima kila kitu. Nakuja."

*

Alipanda pikipiki yake ya umeme akapita kwenye mashamba ya chai huku manyunyu yakimpiga usoni, na njia nzima alijisemesha peke yake. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Alikumbuka siku aliyoandika kile kifungu cha kufifisha rangi. Alikuwa anakula karanga. Alicheka mwenyewe kwa jinsi watakavyohangaika.

Kituo cha Lwangila kilikuwa majengo mawili ya tofali na paa la bati jipya. Nesi Anyisile alimpokea mlangoni: mwanamke wa miaka kama ishirini na tisa, sweta la bluu juu ya sare, macho mekundu. Hawakusalimiana tena. Chumba cha njiti kilikuwa na masanduku matatu ya kioo, wazi, na juu ya kabati kompyuta ndogo ya zamani iliyozimwa, nyaya zake zimefungwa kwa plasta ya hospitali.

Kina mama wawili walikuwa wameketi vitandani, kila mmoja na mtoto wake kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa kanga.

"Wamepoa kidogo," Anyisile alisema. "Sasa hofu ni baridi. Hawa wawili wana mama zao. Huyu wa tatu mama yake, Lugano, yuko Mbeya, alipasuliwa juzi. Shangazi yake atafika jioni. Mimi nina mjamzito mwenye uchungu chumba cha pili, siwezi kukaa na mtoto kifuani." Alimtazama Subilaga kutoka kichwani hadi miguuni. "Nenda kanawe mikono mpaka kwenye viwiko. Vua blauzi na hilo koti lililolowa."

"Mimi sijawahi kuzaa."

"Kifua hakiulizi."

Mtoto aliwekwa juu yake akiwa na kofia na nepi tu. Uzito wake ulikuwa kilo moja na gramu mia tatu, na Subilaga aliogopa kuvuta pumzi. Wakamfunga kwa kanga, wakamkalisha akiegemea mto. Yeye, ambaye hakukaa kitini tangu asubuhi, aliambiwa asiondoke hapo mpaka saa kumi. Miguu yake ilicheza chini ya shuka. Moyo ulimwenda mbio, na alijua mtoto anausikia.

"Tulia, dada," alisema mmoja wa wale kina mama, msichana mpole aitwaye Tumpe. "Ukihangaika naye anahangaika."

"Natulia."

"Hutulii."

*

Anyisile alirudi saa nane kasoro robo, akiwa amemzalisha yule mwingine salama. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda.

"Nichukie basi," alisema.

"Nieleze kwanza."

Masanduku, alieleza, yalikuwa ya msaada. Aliyeyatengeneza alifunga shughuli zake, na asubuhi moja yote matatu yaliacha kuwaka, skrini zake zikaandika maneno mawili: Subiri idhini. Aliandika kwa ofisi ya usajili wa programu. Walimjibu kwamba ombi linashughulikiwa. Akaandika tena. Mwezi wa sita baridi ikashuka kama mnavyoijua ya huku, na kituo kilikuwa na watoto watano na vifua viwili.

"Tuliwazika wawili, wiki moja," alisema. "Jumapili ile nilikuwa nyumbani naandika gemu langu la kawaida, la kuku. Nikamwangalia yule kuku. Nikasema, wewe unakaa hapo kufanya nini?"

Tangu siku ile watoto kumi na tisa walikuwa wamekwenda nyumbani wazima. Majina yao aliyaandika ukutani kwa kalamu ya wino mzito, karibu na dirisha, na siku ya kila mmoja kuondoka. Subilaga aliyasoma yote.

"Dada, wewe ndiye mwenye kiini," Anyisile alisema, na sauti yake ikashuka. "Ondoa kufifia. Ondoa na kufa. Ni kazi ya dakika ngapi?"

"Kumi."

"Basi dakika kumi. Nani atajua?"

Hilo ndilo Subilaga alilokuwa akilifikiria tangu saa sita, akitazama dari. Dakika kumi. Lakini akishakigusa kiini kwa ajili ya masanduku, Kinyonga kitakuwa mashine, sheria haina njia mbili hapo. Akisema ukweli, ofisi itafunga vyote elfu kumi na moja, na walimu, na madereva, na mapadri wake, watarudi kuambiwa wapumzike. Asiposema, wataendelea kucheka na kuzikana, na kuku ataendelea kutetea. Moyo wake ulitaka kunyamaza. Aliona aibu kwa jinsi ulivyotaka.

"Nikiiondoa hii kasoro," alisema, "zitabaki nyingine."

"Zipi?"

"Nilizitia nyingi. Ipo ya kitufe kugoma siku za mvua. Ipo ya mlio kukwama mwezi ukiwa mpevu, nilikuwa na miaka thelathini, nikaona ni jambo zuri. Nyingine nimezisahau, Anyisile. Nakuambia kweli ya Mungu, nimezisahau. Nilibuni mashine ya kukosea. Ndiyo raha yake. Watu wanaipenda kwa sababu inakosea."

Anyisile alitazama masanduku. "Mlio kukwama," alirudia. "Yaani joto nalo likwame likiwa linawaka."

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani nimepata mashine ndogo, rahisi, naifahamu yote."

"Unaifahamu kuliko mimi. Programu yako nimeisoma, ni nzuri, haina kosa hata moja. Kosa ni sakafu uliyojengea." Mtoto alijinyoosha kidogo, akatulia. Subilaga akapunguza sauti. "Lazima nitangaze. Lazima watu wengine wakikague kiini chote, mstari kwa mstari, na hilo haliwezi kufanyika kwa siri."

"Wakijua watakuja na lakiri. Watafunga na masanduku." Anyisile alisimama, na kwa mara ya kwanza alipaza sauti. "Wewe utapoteza gemu! Mimi nitapoteza hawa! Hayo majina ukutani ofisi haikuandika hata moja!"

Tumpe alimtuliza kwa mkono. Yule mama mwingine aligeuzia uso ukutani. Nje mvua ilikuwa imekatika, na mtu alikuwa akipasua kuni.

Subilaga alitaka kusimama atembee, aende mlangoni arudi, kama afanyavyo siku zote akikwama, na hakuweza. Alikuwa na mtu kifuani. Akabaki hapo hapo na lile swali, akilisikia linapumua, mpaka likambana pande zote. Masanduku yalikuwa matatu. Kituo kilikosa vifua. Na yeye alikuwa na majina na makazi ya watu elfu kumi na moja ambao, kwa miaka yote hiyo, walikuwa tayari kuamka alfajiri kwa ajili ya kumzika asiyekuwepo.

"Wako wangapi wa Kinyonga huku kwetu?" alijiuliza kwa sauti. "Tukuyu, Kyela, Mbeya mjini. Mia tatu? Mia nne?"

"Wa nini?"

"Chukua simu yangu. Mikono yangu haina nafasi. Andika, nitakutajia. Inakwenda kwa ofisi na kwa wote, barua moja."

Anyisile aliishika simu kama kitu kinachounguza.

"Ndugu zangu," Subilaga alianza. "Kinyonga kipo. Leo nimejua kwamba kimekuwepo tangu mwezi wa sita, kimefanya kazi katika chumba cha watoto njiti, kimewapa joto kumi na tisa, na wiki hii kimekaribia kuwaua watatu kwa kasoro niliyoitia mimi kwa kufurahisha watu. Natangaza kwamba ni mashine. Watakuja kuifunga, na mtanikasirikia, na haki yenu. Hifadhini kazi zenu leo. Kisha naomba mambo mawili. Anayejua kusoma kiini, akisome, aseme alichokiona, kabla hakijafungwa. Na aliye karibu na Lwangila aje na kifua chake. Watoto hawa wanahitaji joto la zamu, saa sita sita, mpaka ofisi itakapotoa idhini yake. Mwanamume, mwanamke, hakuna tofauti. Kunawa mikono ni mpaka kwenye viwiko."

Anyisile aliandika mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yakimtoka, na aliyaacha.

"Malizia hivi," Subilaga alisema. "Kiini ni changu, na programu ya kuku ni yangu. Nimefanya yote peke yangu. Tia jina langu."

Nesi aliacha kuandika. "Hapana."

"Utafungwa. Mimi sina mtoto wala mgonjwa. Hapa wewe unahitajika."

"Nimesema hapana, dada. Nimekaa miezi yote hii najificha na nyaya zangu kama mwizi. Mficha uchi hazai, na mimi kazi yangu ni kuzalisha." Alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Kuku nimemwandika mimi. Kwa mikono hii. Ndicho kitu pekee nilichowahi kukitengeneza duniani, kikatembea. Usininyang'anye."

Subilaga alimtazama. Alifahamu vizuri sana, pengine hakuna mwingine katika mkoa ule aliyefahamu vile.

"Tia jina lako, basi," alisema.

Anyisile aliandika, herufi moja moja, jina lake lote na la baba yake. Kisha akaiweka simu kitandani bila kuituma, akachukua kipimajoto, akamsogeza mtoto kidogo na kukiingiza kwapani mwake. Walingoja. Subilaga alitambua kwamba miguu yake ilikuwa imetulia, na hakujua ni tangu saa ngapi.

"Thelathini na sita na nusu," Anyisile alisema.

Akairudisha kanga vizuri juu ya mgongo wa mtoto, akaichukua simu, akatuma.